Kofia ya kichwa kidogo kama chungwa: nilivyokosea uzi mara mbili

Wakuu, habari zenu. Mlio nyumbani, na nyinyi mnaosoma kazini mkijifanya mnajibu email, wote nawasalimu kutoka Kathiani, Machakos.

Leo naanzisha uzi kuhusu uzi. Msicheke. Ni ule uzi wa kushonea kofia za kroshia.

Kuna member humu aliuliza ni uzi gani mzuri wa kofia ya mtoto mchanga. Akajibiwa, "Wowote tu, bora rangi iwe poa." Nilisoma hilo jibu nikaweka simu chini, nikatoka nje nikasimama kidogo.

Hii story ni yangu mwenyewe na sijaiongezea chumvi. Kama kuna mama yeyote humu aliyekuwa kwenye ile wodi siku zile, atanijua kabla sijafika katikati.

Mtanivumilia nikienda polepole. Siku zenyewe zilienda hivyo, kama mtu anatembea ndani ya ukungu na hajui kama barabara imeisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne. Nilikuwa navunja mawe kwenye machimbo huko upande wa Mlolongo. Siku moja jiwe likateleza likaniangukia mguu. Plasta mpaka kwa goti, magongo mawili, nikarudi nyumbani Kathiani kwa mama. Mke wangu Mwende alikuwa na mimba ya kwanza, akaja tukakaa wote.

Mama yangu tunamwita Mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. Mwaitu alichoka kuniona nimelala nikitazama mabati. Asubuhi moja akaniwekea ndoano ya kroshia kwa kifua.

"Shika hii," akasema. "Mikono haina plasta."

Najua kuna mtu tayari anaandika hapo chini, mwanaume na kroshia wapi na wapi. Andika tu, mkuu. Mimi nilijifunza nikiwa sina pa kwenda, na mpaka leo sijapata kazi nyingine inayotuliza kichwa namna hiyo. Unaanza na kaduara kadogo katikati, unazunguka, unazunguka, na unapokuja kushtuka jua limehama dirisha.

Mwezi mzima nilishona vitu visivyo na maana. Vitambaa vya makochi. Kofia ya Mwaitu ya kuendea shamba. Mwende alikuwa anakaa kando yangu, miguu kwa stuli, ananiambia mtoto anacheza ndoano ikigonga kikombe.

Halafu mtoto akaja kabla ya siku zake.

Mimba ilikuwa ya miezi saba tu. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyo na sauti, inayolala juu ya vilima vya Kathiani siku tatu bila kuamka. Mwende alipelekwa hospitali Machakos mjini, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa baba wa msichana wa kilo moja na kidogo. Tukamwita Mumbua, kwa sababu ya hiyo mvua, ambayo kwa Kikamba ni mbua.

Nilimwona kesho yake kupitia kioo cha mashine ya joto. Wakuu, kichwa chake kilikuwa kama chungwa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hadi unaona mishipa kama mistari ya kalamu. Na hapa juu kwa utosi, palikuwa panapiga. Taratibu. Panapanda, panashuka. Nilisimama hapo na magongo yangu nikihesabu ile midundo mpaka mlinzi akaja kuniambia saa ya kuona wagonjwa imekwisha.

Baada ya siku kadhaa sista wa wodi, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, akatueleza kwamba Mumbua ataanza kutolewa kwa mashine kidogo kidogo. Atawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

"Lakini joto la hawa watoto linatokea hapa," akasema, akiweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe. "Leteni kofia. Nzuri, ya kumtosha."

Mwende akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamechoka lakini yakawaka kidogo. "Baba Mumbua anajua kushona," akamwambia sista.

Hakuna siku nimewahi kujisikia mkubwa kama hiyo. Mtu aliyekuwa analala tu, sasa kuna kitu anaweza kufanya.

Kosa la kwanza lilikuwa macho.

Nilienda sokoni nikaona uzi wa manyoya, ule unaofanana na kifaranga wa siku moja, rangi ya waridi. Ukiushika ni kama umeshika wingu. Nikasema, huu ndio. Nani angeona wingu akamwekea mtoto kitu kingine?

Nilishona siku nzima. Ile nywele ya uzi inaficha mishono, huoni ndoano inaingia wapi, lakini nikamaliza. Kofia ikatoka ndogo, laini, ya kupendeza. Hata Mwaitu aliishika akaiweka shavuni.

Sista alipoipokea aliipeleka karibu na dirisha. Aliivuta kidogo kwa vidole viwili, kisha akapuliza.

Vinywele vikaruka. Vingi. Vikaelea kwenye mwanga wa dirisha, vikizunguka polepole, vya waridi, vikashuka kimoja kimoja. Ukisahau ulikuwa wapi, ungesema ni kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuona.

"Umeona pua yake ilivyo?" sista akaniuliza. "Hivi vitaenda wapi, baba?"

Nikachukua kofia yangu nikaiweka mfukoni.

Kosa la pili ndilo bado linaniamsha usiku.

Nikawaza, kama manyoya ni mabaya, basi nitafute uzi usio na unywele hata mmoja. Mwaitu alikuwa na ule uzi wa pamba mweupe wa vitambaa vya makochi, mwembamba na uliosokotwa ukakaza. Pamba ni safi, pamba ni asili, kila mtu anasema pamba. Nikashona. Mishono ikakaa sawa kama meno. Sista akaipuliza, hakukuruka kitu. Akaikubali.

Mumbua akavalishwa, akalazwa kifuani kwa Mwende, wakafunikwa. Nilikaa kwa benchi nje ya mlango. Mvua bado. Mama mmoja alikuwa anamwimbia mtoto wake wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini sana, na nikasinzia pale pale nikiwa na furaha.

Kitu ambacho sikujua ni hiki. Uzi kama ule hauvutiki. Kichwa cha mtoto ni laini, na kofia isiyovutika ama inabana ama inatoka. Yangu ilibana. Pia ule uzi hunyonya maji na hauachilii haraka. Mumbua alicheua maziwa, yakateremka nyuma ya sikio, kofia ikalowa chini, ikabaki imelowa. Mwende alikuwa amelala, masikini. Tangu ajifungue alikuwa hajapata usingizi wa maana.

Nilishtuliwa na viatu vya sista vikienda haraka.

Alipomvua ile kofia, paji la uso wa mtoto lilikuwa na mistari, kama alama za kiondo mgongoni mwa mtu. Nyuma ya kichwa kulikuwa baridi. Joto lake lilikuwa limeshuka. Wakamrudisha kwa mashine, wakafunga mlango, na sisi wawili tukabaki tukitazama kioo.

Sista hakutugombeza, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi.

Mwende alinipa kofia ikiwa imelowa. Hakupandisha sauti.

"Tafadhali," akasema, "usilete kofia nyingine."

Wakuu, niliwahi kuangukiwa na jiwe. Nawaambia halikuwa zito hivyo.

Siku iliyofuata Mumbua alikuwa ametulia, sista akaniambia joto limerudi. Lakini Mwende hakuniangalia vizuri. Mtoto alifungwa kichwa na kitambaa cha wodi ambacho kilikuwa kinateleza kila saa, na Mwende anakirudisha, kinateleza, anakirudisha.

Nikatoka nikaanza kutembea mjini na magongo yangu, sina ninapoenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa maduka. Watu walikuwa wanatokea mbele yangu na kupotea kama wanaogelea. Nikajikuta nimesimama mbele ya duka dogo la vitu vya mafundi, vifungo, zipu, sindano, na ukuta mzima wa nyuzi mpaka kwa dari.

Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, amezaliwa hapo hapo mjini. Wanamwita Mama Swafia. Alikuwa anashona kofia ya mumewe, zile nyeupe za kuvaa msikitini.

"Karibu, baba. Watafuta nini?"

Nikafungua mdomo niagize uzi. Badala yake nikamweleza yote. Kifaranga, pamba, maziwa, mistari, maneno ya Mwende. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliendelea kushona, hakunitazama kwa huruma.

Nilipomaliza akaniuliza, "Huo uzi uliuchagua na nini?"

"Na macho," nikasema. "Wa pili nikauchagua na... na woga."

Akatabasamu. Akasogeza stuli. "Keti. Weka magongo hapo. Sasa funga macho."

Nikafunga.

"Mtoto wako bado hajui rangi. Anajua baridi, joto, na kinachomkwaruza. Na mikono yako hiyo haitakuambia kitu, naona imekufa ganzi kwa kazi. Nipe shingo."

Akaniwekea uzi chini ya sikio, pale ngozi ni nyororo, kisha akaniambia nikae hivyo hivyo mpaka aseme. Akaenda kuhudumia wateja.

Nilikaa. Nikasikia zipu zikipimwa, mkasi ukikata kitambaa, mtu akisalimia, "Asalaam aleikum," mwingine akiuliza kwa Kikamba, "Wĩ mũseo?" yaani u mzima? Mvua kwa bati. Uzi kwa shingo. Mwanzoni ulikuwa mzuri, halafu baada ya muda ukaanza kuwasha, kidogo, kama siafu mmoja anatembea.

"Unawasha," nikasema nikiwa nimefunga macho.

"Hiyo ni sufu ya kondoo. Ina joto kuliko zote, hata ikilowa. Lakini ngozi ya huyo haiwezi. Akikua."

Akatoa, akaweka mwingine. Huo ulikuwa laini lakini baada ya muda shingo ikaanza kutoa jasho.

"Huo ni acrylic tupu wa bei ya chini. Haunyonyi jasho, haupumui."

Akaweka mwingine. Na mwingine. Sijui nilikaa hapo muda gani. Kuna wakati sikujua kama nimelala. Nilimwona Mumbua wazi kabisa, utosi wake ukipiga, kila pigo linasukuma ule uzi kwa shingo yangu, na nikahisi mimi ndiye niko ndani ya ile mashine na yeye yuko nje anasubiri.

Halafu Mama Swafia akauliza, "Na huu?"

"Upi?" nikasema. "Bado hujaweka."

"Nimeweka kitambo."

Nikafungua macho. Ulikuwa uzi laini usio na unywele, pamba imechanganywa na acrylic ya watoto. Akauvuta mbele yangu, ukavutika kidogo ukarudi. Akalowesha ncha, akaibana kwa kitambaa, akanipa, ilikuwa karibu imekauka.

"Uzi ambao mtu anasahau amevaa, huo ndio wa kofia ya mtoto," akasema.

Shida ilikuwa moja. Ulibaki bonge moja tu, na rangi yake, wakuu, ilikuwa kama ugali wa wimbi uliolala. Si kahawia, si kijivu. Nikauchukua vile vile.

Nikiwa mlangoni akaniita. "Na usianze na fundo kubwa pale katikati. Hapo ndipo utosi unapumulia. Fundo liweke nje."

Nyumbani nikaanza, na mikono yangu ikanisaliti. Vidole vya machimbo ni kama msasa. Ule uzi laini ulikuwa unakwama kwa sugu zangu, unachomoka nyuzi. Mwaitu akaona. Akaleta maji moto, akaniloweka mikono, akaisugua na jiwe la kusugulia miguu, kisha akanipaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka kwa viganja. Alifanya hivyo kama alivyokuwa ananiosha nikiwa mdogo. Tukarudia jioni na asubuhi. Siku ya pili uzi ukaanza kupita.

Nilitumia ndoano kubwa kidogo, mishono isikaze, lakini pia isiwe na matundu ya kupitisha upepo. Fundo nikalificha nje. Ukingo nikauzungusha uweze kukunjwa na kukunjuliwa.

Nikaiosha kwa sabuni ya kipande, nikaisuuza. Sasa ikauke wapi? Jua hakuna. Jikoni kwa Mwaitu ni kuni, ingenuka moshi. Nikaifunga kwa leso safi nikaiweka ndani ya shati, kwa tumbo langu. Nikakaa nayo hivyo mchana wote, nimekaa mlangoni, natazama vilima vikija na kupotea. Ilianza ikiwa baridi. Ikawa vuguvugu. Mwishowe nikasahau iko hapo, na nilipogundua nimesahau nikacheka peke yangu.

Mwende alikuwa amekaa kitandani nilipofika wodini. Nilimwambia ukweli.

"Uliniambia nisilete. Nimeleta. Ukikataa nitarudi nayo."

Akaichukua. Akaigeuza. Hakuipeleka kwa mtoto kwanza. Alifunga jicho akaiweka juu yake, kuona kama inakwaruza, akakaa hivyo muda mrefu. Nikasikia mashine za wodi.

Halafu mabega yake yakaanza kutingika. Nikafikiri analia.

"Baba Mumbua," akasema, "hii rangi! Umemletea mtoto kofia ya mzee wa kanisa!"

Alikuwa anacheka. Mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua.

Sista akaja, akaivuta, akaipuliza, akaingiza ngumi ndani, akaitazama nje na ndani. "Mvalishe," akasema.

Tukamvalisha. Mumbua akakunja uso, akaukunjua, akalala. Sista alikuwa anarudi kumpima joto, anaandika, anaondoka. Anarudi, anaandika. Alasiri akatuambia, "Limesimama pale pale." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Siku mbili tatu baadaye Mwende alitaka kwenda kuoga. Sista akanitazama. "Baba, vua shati."

Nikaketi kwa kiti cha plastiki, mguu wa plasta umenyooka mbele, na wakaniwekea binti yangu kifuani. Uzito wake ulikuwa kama wa ndege aliyetua. Kofia ilikuwa chini ya kidevu changu. Kupitia mishono yangu mwenyewe nilihisi joto lake linapanda na langu linashuka mpaka sikujua lipi ni la nani. Nilimsikia anapumua. Mvua ilikuwa imeacha kunyesha, na mimi sikujua imeacha lini.

Tulikaa pale wodini wiki kadhaa. Alipofikisha uzito wa kuruhusiwa, kofia ilikuwa imeanza kumbana masikioni. Asubuhi ya kutoka, kitanda cha pili alikuwa ameingia msichana kutoka Matuu, amejifungua mapema vile vile, anatetemeka, hana hata soksi ya mtoto. Niliona Mwende anasimama. Aliitoa kofia kwa mfuko, akakunjua ukingo, akamwonyesha yule dada fundo liko upande gani.

"Imeoshwa," akamwambia. "Usijali rangi."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mizigo.

Tangu hapo nashonea ile wodi. Mama Swafia akipata uzi wa aina ile ananiwekea, na mguu ulipopona sikurudi machimboni. Nashona kofia za watu wazima za kuuza na za wodi nazipeleka tu.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba uzi haumalizwi kuchaguliwa na anayeshona. Ngozi ya atakayevaa ndiyo yenye neno. Kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, usitumie manyoya hata kama yanakuita. Usitumie pamba ngumu isiyovutika. Uweke uzi chini ya sikio lako ukae nao, si dakika moja. Vuta uone kama unarudi. Lowesha uone unakauka vipi. Osha kabla ya kuvalisha. Na uliza nesi kabla hujapeleka, usiwe na kiburi kama changu. Mimi si daktari, nasema niliyoyaona.

Mumbua sasa anatembea. Ana nywele nyingi, ana mdomo, ana sauti inayosikika mpaka kwa jirani.

Na hapendi kofia. Nimemshonea ya njano, ya bluu, yenye masikio ya sungura. Anangoja nimalize kumvalisha, ananitazama usoni vizuri, kisha anaivua na kuitupa kwa kuku.

Kwa hivyo mlio na watoto wa aina hii, shukeni hapo chini mniambie: mnatumia uzi gani? Ama mmekubali kushindwa kama mimi?